Udongo Mweusi wa Molo, na Maji Tunayokunywa Mombasa

Msimu wa kwanza nilivuna magunia kumi na tisa. Jirani yangu wa shamba, tuliyepakana naye ua kwa ua, alivuna zaidi ya sitini. Mbegu ni ile ile ya Shangi, tulinunua kwa mtu mmoja, tukapanda wiki moja, na mvua iliyomnyeshea yeye ndiyo iliyoninyeshea mimi. Pesa zenyewe hazikuwa zangu peke yangu. Za dada yangu anayekaanga viazi karai Majengo zilikuwamo, na za mama zilikuwamo pia, alizoziweka tangu marehemu baba alipostaafu bandarini. Mpango ulikuwa mwepesi ukiusikia: mimi nilime Molo, viazi vishuke Kongowea, dada apate vyake kwa bei ya nyumbani na vingine tuuze.

Mimi naishi Munyaka, Eldoret, mwaka wa tisa sasa. Nafundisha Jiografia katika shule ya upili. Yaani mtu ambaye kila mwaka huwachorea wanafunzi ubaoni namna udongo unavyotokea, ndiye huyo aliyekodi ekari moja kwa kutazama rangi. Wanafunzi wangu wangejua wangenicheka, na wana haki.

Naandika haya kwa sababu watu wetu wengi wa Pwani siku hizi wananunua na kukodi mashamba bara, na kitu cha kwanza wanachokisifu ni weusi wa udongo. Nawaelewa. Sisi tumezaliwa juu ya matumbawe. Kuanzia Mji wa Kale hadi Kilifi ukichimba kidogo unagonga jiwe la chokaa, na pasipokuwa na jiwe pana mchanga. Udongo mweusi kwetu ni wa penye mikoko au wa jaa la zamani. Basi mtu akipanda hadi Molo, akaona udongo mweusi kama masizi ya sufuria, unaozama mguu hadi kifundo, anaona ameifikia neema. Mimi nilisema pale pale, mbele ya mwenye shamba, kwamba udongo huu hauhitaji mbolea. Mwenye shamba hakunijibu kitu.

Niwaeleze kwanza tunapokaa, ili tofauti ionekane. Hapa Munyaka fundi akichimba shimo la choo, hukutana na udongo mwekundu, kisha changarawe ya muramu, kisha jiwe la kijivu lililokaza ambalo huvunja nyundo na huvunja moyo. Ukiligonga linalia, tena sauti nyembamba kama ya chuma. Wanajiolojia waliliita fonoliti kwa sababu hiyo hiyo, jiwe lenye sauti. Ni lava iliyotiririka ikaifunika nyanda yote hii ya Uasin Gishu miaka takriban milioni 12 au zaidi iliyopita, na mto Sosiani unaopita mjini unapita juu yake. Jina la Eldoret lenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Kwa hivyo tuko juu ya volkeno. Molo nako ni volkeno. Nikahesabu kwamba ni udongo mmoja uliotofautiana rangi tu, na hapo ndipo nilipoanguka.

Tofauti ya kwanza ni kwamba huku ni lava na kule ni majivu. Na majivu ya volkeno si majivu ya jikoni. Hakuna kilichoungua. Ni mwamba ulioyeyuka ukarushwa juu kwa nguvu za gesi, ukavunjika vipande vidogo vidogo, ukapoa hewani kabla haujapata muda wa kujipanga. Kitu kilichoyeyuka kikapoa ghafla huwa kioo. Ukiyatazama majivu hayo kwa hadubini utaona vipande vya kioo vyenye ncha na matundu. Mwamba uliopoa polepole hujipanga ndani yake safu kwa safu, ndiyo maana hukaa mamilioni ya miaka ukipigana na mvua. Kioo hakina mpango. Maji yakikigusa hakikawii kusalimu amri.

Tofauti ya pili ni umri. Lava ya kwetu ni kongwe, imenyeshewa mpaka kila kinachoweza kuoshwa kimeoshwa, ikabaki chuma chekundu na mfinyanzi. Majivu ya upande wa Mau yanatokana na volkeno za Bonde la Ufa, kama Menengai iliyo juu ya mji wa Nakuru, na umri wa tabaka za juu huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kwa udongo huo ni ujana.

Tofauti ya tatu ndiyo iliyonichukua muda kuielewa: baridi na unyevu. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Asubuhi ya Julai ukungu unakaa shambani mpaka saa nne, na mtu wa Mombasa kama mimi huvaa koti mbili. Majivu yale yale yakianguka mahali pa joto, penye kiangazi kirefu, hatimaye hugeuka mfinyanzi wa kawaida. Yakianguka penye baridi na mvua, chini ya msitu, hugeuka kitu kingine kabisa. Udongo wa namna hii unajulikana zaidi katika visiwa vya baridi: kaskazini ya Japani, Aisilandi, visiwa vya Aleutian kule Alaska. Jina lake, andosoli, limetoka Japani, kwa maneno yenye maana ya giza na udongo. Kwetu Afrika Mashariki hatuna visiwa vya baridi vyenye maji pande zote, lakini tuna milima. Mau, Aberdare, Mlima Kenya, Elgon, Kilimanjaro, Rungwe, safu za Virunga kule Kongo, hivi vyote ni visiwa vya baridi na mvua katikati ya bahari ya nchi kavu, na udongo huu unakaa juu yake kama unavyokaa Japani.

Hicho kitu kingine ni nini? Kioo kikioza katika maji baridi, alumini na silika zilizomo hutoka haraka kuliko zinavyoweza kujipanga, zikaungana hivyo hivyo, zikafanya vijidude vya mviringo vilivyo wazi ndani, mfano wa nazi iliyokwisha kukunwa. Wanasayansi wanaviita alofani. Ni vidogo mno: ukivipanga mstari mmoja, unahitaji zaidi ya elfu kumi kuufikia unene wa unywele mmoja. Lakini kwa sababu ni vidogo na vina utupu ndani, uso wake ukiutandaza ni mkubwa ajabu. Gramu moja ya alofani, kiasi cha ncha ya kijiko, uso wake unaweza kufunika ploti ya hamsini kwa mia ya hapa Munyaka na kupita. Kwenye uso huo ndiko kila kitu kinatokea. Maji hushikwa pale. Majani yaliyooza hushikwa pale, yakafungamana na alumini hata wadudu wa udongo hushindwa kuyamaliza, na ndiyo sababu udongo huu ni mweusi kwenda chini sana. Na mbolea nayo hushikwa pale.

Jirani yangu ndiye aliyenionyesha kwa mikono, baada ya mavuno, siku niliyokwenda kumuuliza alinifanyia uchawi gani. Ni mzee wa kuzaliwa Molo, hana maneno mengi. Aliokota bonge la udongo wenye unyevu akaniambia, "Finya, mwalimu." Nikafinya. Ulishikana kwanza, kisha ghafla ukateleza vidoleni kama sabuni iliyokaa majini, maji yakatokeza. Nikauachilia, ukatulia tena. Hiyo ndiyo alama yake. Akaniambia nichukue kopo la maziwa ya watoto, nilitoboe pande zote mbili, nilipige ndani ya udongo mpaka lijae, nikaukaushe na kuupima. Nilifanya hivyo Molo, nikarudi nikafanya hivyo Munyaka kwa kopo lile lile. Wa Munyaka ulikuwa mzito kuliko wa Molo karibu nusu tena. Udongo wa kawaida lita moja ikikauka hupita kilo moja. Huu wa majivu kwa kawaida haufiki gramu 900, kwa sababu sehemu kubwa yake ni matundu. Ndiyo maana mguu unazama, na ndiyo maana jembe halikuchoshi. Mimi nililichukua jambo hilo kuwa rutuba.

Sasa tuje kwenye magunia kumi na tisa. Kiazi kinahitaji fosforasi mapema, kinapotoa mizizi. Fosforasi ndiyo iliyo nyingi katika ile mbolea ya kupandia. Katika udongo wa majivu fosforasi ikigusa ule uso wa alofani inang'ang'ania, na haiachi. Vipimo vinavyotumiwa duniani kuutambua udongo huu vinadai uwe unaweza kushika asilimia 85 au zaidi ya fosforasi unayoumwagia. Kwa maneno mengine chakula kipo ghalani, ufunguo kaondoka nao bawabu. Mimi sikuweka mbolea ya kupandia kabisa, kwa sababu niliuona weusi. Viazi vyangu viliota vizuri, vikakaa vifupi, majani yakawa na kijani cha giza kisichopendeza, na nilipochimba nilikuta vya kukaangia watoto.

Jirani je? Yeye aliweka mbolea, lakini si kwa kurusha. Kuirusha shamba zima ni kuilisha alofani. Aliiweka kwenye mstari, chini ya mbegu kidogo, akaifunika na udongo kiasi ili isiiunguze, na samadi iliyooza vizuri ndani ya mtaro huo huo. Fosforasi ikikaa mahali pamoja kwa wingi inaushibisha udongo wa pale pale, na inayobaki mzizi unaipata. Samadi nayo inasaidia kwa sababu asidi zake zinakaa kwenye zile nafasi ambazo fosforasi ingekaa. Hakuna uchawi. Kuna mzee aliyepoteza misimu kadhaa kabla yangu.

Nilipeleka udongo maabara pia, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa pesa ya mama. Majibu yakasema asidi iko juu na fosforasi inayopatikana kwa mmea ni kidogo. Gharama ya kupima ilikuwa ndogo kuliko nauli ya lori moja la kwenda Kongowea. Kwa anayetaka kukodi shamba la juu, basi: pima kwanza, na usiweke chokaa kwa kukisia, maana kiazi kikizidishiwa chokaa hupata upele.

Mpaka hapa ni habari ya mkulima. Lakini kuna upande wa pili wa udongo huu, nao unatuhusu sisi tuliokaa mwambao bila kumiliki hata mche wa mchicha.

Udongo wa majivu chini ya msitu ni sifongo. Mvua kubwa ikinyesha haichirizi juu, inazama, inakaa, inashuka taratibu. Mto unaotoka chini ya msitu kama huo hautaki mvua ya jana ili uwe na maji leo. Lakini sifongo hii ina kasoro moja: haitakiwi kukauka. Msitu unaiwekea kivuli, majani yanaifunika, ukungu unailowesha. Ukiukata msitu, ukalima, ukaacha uchi kwa jua la Januari na Februari, vile vijinazi vinabonyea na kushikamana vikawa chembe ngumu kama mchanga. Ukimwagia maji tena havirudi kuwa vilivyokuwa. Ukaushaji huo hauna marejeo. Na kwa kuwa chembe zenyewe ni nyepesi, upepo unazibeba na mvua ya kwanza inaziosha.

Hili si la kukisia. Aisilandi, watu walipohamia katika karne ya 9, miti ilifunika angalau robo ya nchi. Waliikata kwa kuni na makaa, wakaachia kondoo. Udongo wa majivu ukaanza kuondoka na upepo, mpaka mwaka 1907 ikabidi waunde idara ya kuhifadhi udongo, miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Hadi leo msitu wao bado ni kiasi cha asilimia 2 tu ya nchi. Sisi mwaka 2001 serikali ilimega vipande vikubwa vya msitu wa Mau vikagawiwa, hasa upande wa mashariki, kwenye majivu. Yaliyofuata mnayajua, kelele za kuondoa watu na kurudisha watu zimekuwa za kila uchaguzi. Ninachokiona mimi nikipita kwa matatu ni vumbi jepesi la kahawia linaloinuka mashambani kabla ya mvua za Machi, na mitaro ya barabara iliyojaa udongo baada yake.

Mtu wa Kisauni atauliza Mau inamhusu nini. Pengine kidogo. Basi tutazame Chyulu.

Kila mtoto wa Mombasa amesikia jina la Mzima. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, maji yanashuka yenyewe hadi mjini. Lakini Mzima ni mahali maji yanapotokea, si mahali yanapotoka. Yanatoka vilima vya Chyulu, safu ya volkeno changa kaskazini ya hapo ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Mara ya mwisho vilitapika moto katikati ya karne ya 19, na lava yake nyeusi watalii huipiga picha hadi leo chini ya jina la Shetani. Juu ya Chyulu kuna msitu wa ukungu, kisiwa cha kijani cha baridi juu ya nyika kavu ya Tsavo, na chini ya msitu huo kuna majivu. Hakuna mto hata mmoja juu ya vilima vile. Mvua na ukungu vinanywewa na udongo, vinapenya kwenye matundu ya lava, vinasafiri gizani makumi ya kilomita, kisha vinafumka Mzima vikiwa safi kama vimechujwa kwa kitambaa. Kwa hivyo ukijaza ndoo Tononoka unakinga kilichopita kwenye udongo wa majivu. Mama yangu, nilipomweleza hivi kwa simu, alisema, "Basi waambie wauangalie, maana huku wiki ya pili twanunua maji ya mkokoteni." Nilimwambia mfereji kukauka kwao pengine ni mabomba na wala si mlima. Akanijibu kwamba yeye hanywi maelezo.

Wenye jamaa Komoro wanaijua habari hii kwa sura nyingine. Ngazidja, chini ya Karthala, haina mto wa kudumu ingawa mvua yake ni kubwa mno, kwa kuwa ardhi yake changa inayameza maji yote. Watu wanakinga mvua kwenye mabirika. Mwaka 2005 Karthala ilipolipuka, Aprili na tena Novemba, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo na watu wakakosa maji ya kunywa huku mvua ikinyesha. Nzwani ni kongwe zaidi, ilikuwa na mito. Mingi imekauka au hutiririka masika tu, baada ya misitu ya juu kukatwa. Majivu yale yale, kisiwa kimoja maji hayajapata njia, kingine njia ipo na maji hayapo.

Narudi Molo. Mwishoni mwa msimu wa kwanza mwenye shamba alinipa ofa. Ana ekari mbili kando ya kijito, bado zina miti ya asili, hajapata kulima. Angezikata, angenikodisha kwa nusu ya bei. Ardhi ya msitu mpya huzaa misimu miwili mitatu ya kwanza bila kuuliza mengi, kila mkulima anajua, kwa kuwa majani ya miaka mingi yanaoza kwa pamoja. Dada alitaka tuichukue. Hesabu yake ilikuwa sahihi: tungerudisha pesa ya mama kwa msimu mmoja. Nilimwambia nimesoma kinachotokea msimu wa nne. Akasema msimu wa nne si wetu, mkataba ni wa miaka miwili. Hilo nalo lilikuwa sahihi, na ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nadhani kila mtu aliyekata mti juu ya majivu alikuwa na mkataba wa miaka miwili wa namna fulani.

Hatukuichukua. Nilirudia ekari ile ile ya kwanza kwa mtaro wa jirani, samadi na mbolea chini ya mbegu, na nyasi kavu juu ya mistari ili jua lisiuone udongo. Tulipata magunia arobaini na saba. Dada hakuzungumza nami mwezi mzima, kisha akanitumia picha ya karai. Deni la mama limebaki nusu.

Ekari mbili za kando ya kijito alizichukua mwingine. Miti ilikatwa Novemba. Nilipopita mwishoni mwa Januari kupanga shamba, upepo wa saa nane ulikuwa ukitoka upande huo, na kwenye majani ya maharagwe ya jirani palikuwa na vumbi laini jeusi ambalo yule mzee alikuwa akilipangusa kwa kidole, jani moja moja, bila kusema neno.